Nilimtungia kwa elfu tano: je, wimbo bado ni wangu?

Swali: Wakili, asalaam alaikum. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Mombasa, na natunga nyimbo za harusi tangu usichana wangu, ingawa sijapata kupanda jukwaani. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja mwenye kikundi cha taarab, ambaye nilisoma chuo kimoja na mamake na yeye huniita mama, alisikia beti mbili nilizotunga kwa harusi ya binti yangu. Akanambia, "Mama, nimalizie wimbo huu niuimbe." Nikauongezea ubeti wa tatu na kiitikio, nikamwimbia lahani kwa sauti ya WhatsApp, naye akanitumia elfu tano kwa M-Pesa. Hatukuandikiana kitu. Sasa wimbo uko YouTube, umetazamwa zaidi ya mara laki nane, watu wameuweka Skiza, ule wimbo anaousikia anayekupigia simu kabla hujapokea, na chini ya video ameandika kwamba yeye ndiye mtunzi na mwimbaji. Mwezi jana nimeusikia redioni katika tangazo la duka la fanicha, kiitikio kimegeuzwa kinasifu makochi. Je, kwa zile elfu tano nilishauza? Nifanye nini bila kuvunja undugu? Jumamosi anakuja kuimba harusi ya mpwa wangu.

Jibu:

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Nianze na zile elfu tano, kwa sababu naona ndizo zinazokufunga mdomo. Unahisi ukishapokea pesa huna tena la kusema. Abiria akilipa nauli ya kwenda Malindi amelipia safari. Hashuki na funguo za matatu. Kijana alilipia kitu, hilo hatulikatai. Alilipia nini, hapo ndipo penye kesi, na kwa kuwa hamkuandikiana itabidi jibu tulitafute katika maneno mliyoambiana, katika simu yako na katika sheria.

Sheria yenyewe ni ile ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Sura ya 130 ya sheria za Kenya. Wimbo mmoja ukipigwa redioni, sikio linasikia kitu kimoja lakini sheria inahesabu vitu kadhaa. Kuna maneno, ambayo ni kazi ya fasihi. Kuna lahani, ambayo ni kazi ya muziki. Kuna ile sauti iliyorekodiwa studio, nayo ni mali ya peke yake, na mwenyewe kwa kawaida ni yule aliyepanga na kugharamia kurekodi. Juu yake kuna haki za walioimba na kupiga ala. Kwa hiyo usimwendee kijana ukamwambia "wimbo wote wangu." Si kweli, na ukianza na neno lisilo la kweli atalishika hilo hilo. Rekodi ni yake, video ni yake, mpiga fidla ana chake. Wewe una maneno na, kwa ulivyoeleza, lahani.

Ile sauti ya WhatsApp ni dhahabu, na natumaini hujaifuta. Sheria hailindi wazo lililo kichwani wala wimbo uliopotelea hewani kwenye kitchen-party ya mtu. Inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa, au imewekwa katika umbo linaloshikika. Sekunde chache za wewe kuimba jikoni, pengine na sufuria ikilia nyuma, zinatosha. Hakimiliki ilizaliwa hapo hapo. Haikungoja cheti wala mhuri, na itadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka utakaofariki, Mungu akuweke.

Sasa jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Kifungu cha 31 cha sheria yetu kinasema kazi ikiwa imeagizwa, yaani mtu amekuja akakwambia nitungie, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Watunzi wengi wanaamini kinyume chake: kwamba bila karatasi kila kitu kinabaki kwa mtunzi. Nimeona watu wazima wakiinuka kitini ofisini kwangu kwa hasira, kana kwamba kifungu nimekitunga mimi. Lakini ndivyo kilivyoandikwa, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Bahati yako imo katika sentensi moja ya barua yako. Beti mbili za mwanzo zilikuwepo kabla yake. Hakuziagiza yeye, alizikuta, akazipenda. Na kazi iliyokwisha kuwepo haihami kwa kuagizwa, inahama kwa kuuzwa, na hapo kuna kifungu cha 33: kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu ruhusa ya kipekee, hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yenye saini ya mwenye mali. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa ilitoka kwake ikaingia kwako siku fulani, saa fulani. Hauonyeshi umeuza nini, na saini yako haimo.

Basi tuugawe wimbo. Beti mbili za harusi ya binti yako ni zako na hukuziuza. Lahani nayo, kama ni ile ile mliyoimba harusini, ni yako. Kama uliibuni upya siku ile ya kumrekodia, atasema aliiagiza. Nijibu hilo kwa uangalifu maana lina uzito. Alichonacho kijana juu ya beti hizo ni ruhusa ya kawaida tu, ambayo sheria inakubali itolewe kwa mdomo au ieleweke kwa vitendo: ulimpa aimbe, akaimba, ukafurahi. Ruhusa ya kuimba na kurekodi naiona wazi. Ruhusa ya kuuza kwa duka la makochi siioni popote. Ubeti wa tatu na kiitikio ndivyo vyenye ukungu, kwa sababu neno "nimalizie" linafanana sana na kuagiza. Hapo ana hoja, tena nzuri. Lakini wimbo wa taarab haukatwi vipande kama mkate wa sinia ukala upande mmoja. Asiyekuwa na beti mbili za mwanzo hana wimbo wa kuuza. Nguvu yako katika mazungumzo iko hapo.

Na kuna haki ambayo haihami hata ungeuza kila kitu kwa saini na mashahidi wanne. Mahakamani huitwa haki za kimaadili, ziko kifungu cha 32: haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyetunga, na haki ya kupinga kazi yako isipotoshwe au kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima au jina. Kwa hiyo yale maneno chini ya video, "mtunzi na mwimbaji", ni kosa hata tukikubali kwamba kiitikio ni chake. Kuhusu makochi, sitakudanganya: jaji anaweza kuona si heshima yako iliyovunjwa bali ni kichekesho tu. Ningeliendea tangazo kwa njia nyingine, kwamba limetumia lahani bila idhini ya mwenyewe, na hilo halina haja ya kuthibitisha kwamba uliona haya mbele ya majirani. Ingawa najua uliona.

Pengine unajiuliza kama watu wote hufanya hivi, kulipa mara moja wakachukua vyote. Hufanya. Mimi mwenyewe kabla ya uwakili niliandika mchezo wa redio kwa kituo kimoja, nikilipwa kwa kila kipindi. Nilitia saini karatasi yao nikiwa nimesimama mlangoni, naharakia boti. Ilikuwa na maneno "haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, dunia nzima, bila kikomo cha muda". Kisha kila Ramadhani, miaka minne mfululizo, mchezo ule ulirudiwa wakati wa futari, na mama yangu akinipigia simu kunipongeza. Sikupata hata senti, na kituo hakikuvunja sheria yoyote. Tangu hapo nikiona neno "zitakazobuniwa" huomba kiti nikakaa.

Malipo ya mara moja si dhambi. Mtu ana ada ya shule kesho, anahitaji pesa leo, na elfu tano mkononi ina utamu wake. Ubaya ni malipo ya mara moja kwa mambo yote ya milele. Afrika Kusini kulikuwa na Mzulu aitwaye Solomon Linda, mfanyakazi wa ghala la kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939 na kundi lake la Evening Birds. Mwaka 1952 aliwaachia Gallo haki za wimbo huo kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Wamarekani hawakusikia vizuri neno la Kizulu, "uyimbube" ikawa "Wimoweh"; mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa kwa maneno ya Kiingereza ukapanda mpaka nambari moja, na baadaye ukaingia katika filamu ya Disney ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962, maskini, kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004 na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Kilichowaokoa ni kifungu cha sheria ya zamani ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotawala makoloni, kilichosema haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kufa kwake. Mawakili waliichimba kama watu wanaotafuta kisima kilichofukiwa. Mjukuu wako usimwachie kazi hiyo.

Sasa pesa iko wapi? Watu wakisikia laki nane za watazamaji hufikiria nyumba Nyali. Punguza. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaliyooneshwa kwenye video ndefu, lakini si kila aliyetazama ameoneshwa tangazo, na tangazo linaloonwa Kisauni halilipiwi kama linaloonwa London. Chaneli nayo lazima iwe imekubaliwa katika mpango wao wa malipo. Kama haijakubaliwa, laki nane ni sifa tupu. Kwa hiyo usimuulize "umetazamwa mara ngapi," hilo unaliona mwenyewe. Muulize akuoneshe ukurasa wa mapato wa video hiyo, mwezi kwa mwezi. Akifungua simu akakuonesha bila kusita, una mtu wa kuzungumza naye.

Skiza ndiko kwenye hesabu nyepesi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022 baada ya wasanii kupiga kelele kwa miaka, na sasa mgao umeandikwa: katika kila shilingi 100, yule wa kati anayepeleka nyimbo kwenye mtambo huchukua 8.50, kampuni ya simu 39.50, na msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya 52. Zile 52 huenda kwa nani? Kwa yule aliyejaza fomu. Kijana alipopeleka wimbo aliulizwa ni nani mwenye haki, akaandika jina lake, na tangu siku hiyo fedha zinamjua yeye. Kampuni ya simu haina habari kwamba kuna fundi cherehani Majengo. Marekebisho yote yale ya bunge, na hizo asilimia zilizopiganiwa mpaka desimali, zinaishia kwenye kisanduku kimoja cha fomu kilichojazwa na mtu mwenye haraka.

Halafu kuna redio, hoteli, matatu na kumbi, ambako mrabaha, yaani malipo ya kila wimbo unapopigwa hadharani, hukusanywa na mashirika kwa niaba ya wanachama wao. Watunzi na wachapishaji wa muziki kihistoria wako chini ya MCSK, waimbaji na wapigaji chini ya PRISK, wenye rekodi chini ya KAMP. Leseni zao hutolewa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa mwaka mmoja mmoja, na zimeshagombaniwa hadi mahakamani zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kabla ya kujiunga uliza KECOBO ni shirika gani lina leseni mwaka huu. Usitarajie mengi. Mwaka 2019 MCSK ilitangaza malipo ya shilingi 2,530 kwa kila mwanachama, na kelele zake zilisikika mpaka kwa waliokuwa hawajui hakimiliki ni nini. Jiunge hata hivyo, kwa sababu jina lako likiwa limeandikwa kama mtunzi wa wimbo huu katika daftari la shirika, kijana hawezi kujiandikisha peke yake bila mgongano kuonekana. Kwangu mimi faida hiyo ni kubwa kuliko ile 2,530.

Tangazo la makochi ndilo lenye pesa ya karibu zaidi. Duka lina mwenyewe, lina anwani, na halitaki ugomvi. Inawezekana sana mwenye duka alimlipa kijana akiamini ananunua kwa mwenye mali, usimfanye adui. Barua fupi inatosha: mimi ni mtunzi wa lahani na beti za wimbo huu, sikutoa idhini itumike kwenye tangazo, naomba nakala ya idhini mnayoitegemea. Barua hiyo usiitume sasa. Itume baada ya kuzungumza na kijana, kwa sababu ikitangulia atasikia kutoka kwa mwenye duka kwamba mama yake anamshitaki, na hapo undugu umekwisha.

Tufike basi kwenye undugu, maana swali lako la kweli ni hili. Umelelewa kuona haya kumdai karatasi mtu anayekuita mama. Sisi wa pwani tumefundishwa kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini mbona binamu akimuoa binamu, watoto wa ndugu waliokunywa maziwa nyumba moja, mahari hutajwa kwa sauti, mashahidi huitwa na kadhi huandika? Hakuna anayesema familia imetukanwa. Mwambie kijana maneno hayo hayo, kwa sauti yako ya kawaida.

Mwite nyumbani. Usimwite na wanakikundi wake, na usiwe na ndugu zako wenye hasira waliojipanga barazani. Tafuta mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, mamake akiwa bado yuko itapendeza, akae tu asikilize. Anza na sifa, kwa sababu anastahili. Sauti yake ndiyo iliyoubeba wimbo. Alilipa studio, alilipa prodyuza, alilipa wapigaji, aliiweka video na kuisambaza kwa kila kundi la WhatsApp la pwani. Beti zako zingekaa kwenye daftari mpaka leo. Kisha mwambie unachotaka, na kiwe vitu vinne tu: jina lako liwekwe kama mtunzi, chini ya video na kwenye fomu ya Skiza, mapato ya Skiza na YouTube mgawane kuanzia tarehe mtakayokubaliana, matangazo ya biashara yasitoke bila idhini yako na yakitoka mgawane, na maneno yasigeuzwe bila kukuuliza.

Mgawane vipi? Hakuna kifungu kinachokupa nambari hiyo. Kwa wimbo ambao maneno na lahani ni vya mmoja, na rekodi na jasho la kuusambaza ni vya mwingine, mimi huanza na nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama za kurekodi zenye risiti. Yeye pengine atasema theluthi, kwa kuwa kuna wapigaji. Theluthi iliyoandikwa nakushauri uichukue kuliko nusu ya mdomo. Na mapato ya nyuma? Ukiyashikilia sana mazungumzo yatakwama, kwa sababu ameshazila. Mwombe hesabu yake, upokee kitu cha heshima, mgeuke mbele. Najua wenzangu wengine watanilaumu kwa ushauri huu. Wao hulipwa kwa siku ya mahakamani.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mkataba hauhitaji Kiingereza cha Nairobi uwe na nguvu. Kiini chake kiwe hivi: "Mimi mtunzi nabaki kuwa mwenye hakimiliki ya maneno na lahani ya wimbo huu. Nampa mwimbaji ruhusa ya kuuimba, kuurekodi na kuuweka kwenye mitandao na Skiza kwa muda wa miaka mitano. Ruhusa hii haihusu matangazo ya biashara, filamu wala kumpa mtu mwingine, mpaka niandike kukubali. Kila miezi mitatu mwimbaji atanionesha taarifa ya mapato kama ilivyotoka kwa mlipaji, na kunitumia sehemu yangu ndani ya siku kumi na nne." Ongezeni asilimia, ubeti wa tatu na kiitikio mvitaje kwa jina kwamba navyo ni vyako, wekeni saini, tarehe na shahidi mmoja kila upande. Hilo la kiitikio usilisahau hata kidogo. Kifungu cha 31 kinasema wazi kwamba makubaliano yenu yanaweza kukizuia, na sentensi hiyo moja ndiyo itakayoondoa ule ukungu wote niliokueleza.

Kisha sajili wimbo KECOBO. Usajili ni wa hiari na hautengenezi haki, lakini cheti chenye tarehe huwapunguzia watu maneno. Na usiogope kwamba wimbo umeshapigwa Tanga, Unguja na hata Maskati. Kenya, Tanzania na Oman zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa mataifa kulindiana hakimiliki, kwa hiyo kazi yako inatambuliwa huko bila kusajiliwa upya.

Na asipokubali? Ataweza kusema, "Mama, nilikulipa." Usibishane. Mpe wiki mbili, kisha wakili aandike barua ya madai. Watu watakushauri uripoti video YouTube ishushwe. Njia ipo, na sheria yetu tangu 2019 inawataka pia watoa huduma za mtandao wafunge maudhui ndani ya saa 48 za kazi wakipata taarifa iliyokamilika. Lakini kisu hicho kina makali pande zote. Unaposhusha video unaua mapato unayotaka kugawana. Chaneli yake ikipata maonyo matatu ndani ya siku 90 inaweza kufungwa na nyimbo zake zote. Naye akipinga, utatakiwa uende mahakamani kweli. Isitoshe, kutoa taarifa ya uongo ni kosa, na wewe juu ya kiitikio huna uhakika kamili. Mimi ningeiweka njia hiyo ya mwisho kabisa. Mkiwa mmeshaandikiana kisha asikulipe, mambo ni mepesi zaidi: hilo ni deni la mkataba, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, hata bila wakili. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, lakini usikae nayo miaka sita.

Kabla ya yote hayo, leo usiku, fanya kazi mbili. Litafute lile daftari lenye beti za harusi ya binti yako, hata kama lina madoa ya mafuta na vipimo vya magauni pembeni. Hivyo vipimo navyo ni ushahidi wa tarehe, kwa hiyo usinakili upya kwenye daftari safi. Kama kuna video ya harusi ile ambamo wimbo unasikika, omba nakala kwa mpiga video. Ya pili ni simu. Usiifute ile sauti, usiibadilishe simu, na picha za skrini peke yake zisikuridhishe. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huja na cheti cha kueleza ulitoka kwenye kifaa gani, na kifaa chenyewe kikiwepo kazi yangu inakuwa rahisi. Usimtumie kijana ujumbe wowote wa hasira, na hasa usimwandikie "chukua wimbo wako, mimi nimekusamehe," hata kama umeshindwa kulala.

Na hiyo harusi ya Jumamosi, nenda. Akiuimba, inuka umtunze kama unavyomtunza siku zote. Mazungumzo yawe Jumatatu, baada ya laasiri, akiwa hana onyesho.